Taji la Jino: Lilikotoka, na Lini Jino Huhitaji Kuvikwa

Miongoni mwa maswali yanayoulizwa mara kwa mara na familia za Waswahili zinazoishi mtaa wa Dengfeng, tangu Xiaobei hadi Baohan Zhijie, ni hili: daktari amesema jino livikwe, je, ni lazima? Kitu chenyewe wengi wetu hukiita kofia ya jino. Katika maelezo haya tutakiita taji. Kichina huandikwa 牙冠, na hutamkwa yaguan.

Taji ni kifuniko kigumu chenye umbo la jino, ambacho hugandishwa juu ya jino lililovunjika, lililoliwa mno na uozo, au lililokwisha kutibiwa mzizi. Jambo moja litangulie kueleweka: ili taji lipate kukaa, daktari hulichonga jino pande zote, na kilichochongwa hakioti tena. Ndiyo maana swali la ulazima ni swali la haki, wala mgonjwa asione haya kuliuliza.

Asili ya kazi hii ni ya kale. Waetruria wa Italia, karne ya 7 kabla ya Kristo, walizungushia meno pete bapa za dhahabu ili kuyashikilia. Hapa China nako, Marco Polo aliyesafiri katika karne ya 13 alisimulia habari za watu wa upande wa Yunnan waliovaa vifuniko vya dhahabu vilivyofinyangwa kwa umbo la meno yao. Nchi yao ikaitwa kwa Kiajemi Zardandan, yaani Meno ya Dhahabu. Hao walitaka pambo, si tiba, na tofauti hiyo ingalipo hadi leo.

Lakini kwa nini dhahabu? Waislamu wengi wanaijua hadithi ya Arfaja bin As'ad, iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Arfaja alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za Ujahiliya. Akajitengenezea pua ya fedha, ikamtolea harufu mbaya, ndipo Mtume (S.A.W.) akamwamuru atengeneze ya dhahabu. Juu ya hadithi hiyo wanazuoni wengi wamejenga ruhusa ya kufunga jino kwa dhahabu panapo haja. Na tazama jinsi tabibu wa Kordoba, Abulqasim al-Zahrawi, aliyefariki yapata mwaka 1013, alivyoandika jambo lilo hilo kwa lugha ya ufundi: uzi wa kufungia meno yanayolegea na uwe wa dhahabu, kwani fedha hugeuka rangi ya kijani baada ya siku chache, na dhahabu hubaki kama ilivyo. Kinywani daima mna mate, chumvi na asidi ya chakula. Madini yanayoliwa na hivyo hayafai kukaa humo.

Taji kwa maana ya leo lilikuja polepole. Pierre Fauchard wa Paris, katika kitabu chake cha mwaka 1728, alieleza meno ya bandia yaliyopachikwa kwa kijiti ndani ya mzizi uliobaki. Mwishoni mwa karne ya 19, Charles Land wa Detroit, Marekani, alioka kauri juu ya karatasi nyembamba ya platini, akapata taji jeupe linalofanana na jino. Lilipendeza, ila lilipasuka upesi. Mwaka 1907 William Taggart alionyesha New York namna ya kumimina dhahabu katika kalibu ya nta, na mataji ya madini yakaanza kuenea vizuri jinoni. Ilipofika miaka ya 1960, kauri ikaunganishwa na madini chini yake. Hilo ndilo jino ambalo madaktari wa hapa huliita 烤瓷牙, kaociya, maana yake jino la kauri iliyookwa. Siku hizi kuna pia zirkonia, kauri ngumu sana inayochongwa na mashine ya kompyuta.

Mjomba wangu mmoja alivikwa dhahabu katika ujana wake juu ya jino zima, kwa fahari tu. Aliyemvika hakulitazama jino lenyewe. Baada ya miaka fizi ikavimba. Lilipofunuliwa, chini yake palikuwa pameoza, likang'olewa. Na katika kazi ya ukalimani nimewahi kukaa na vijana wa Arusha na Meru, ambako maji yana floridi nyingi, wakitaka meno yao ya kahawia yavikwe yote. Rangi hiyo si uozo. Mara nyingi husafishwa au hufunikwa kwa njia zisizochonga jino sana, na ni vema kuomba kuelezwa njia hizo kwanza.

Kabla ya kukubali, omba picha ya eksirei ya jino na uulize kama kuziba kwa kawaida hakutoshi. Uliza taji ni la nini. Wenye mzio wa nikeli, yaani wanaowashwa na hereni au saa za bei nafuu, wamwambie daktari mapema, kwa kuwa baadhi ya mataji ya madini yana nikeli. Bei itajwe kwa kila jino, pamoja na tiba ya mzizi ikiwamo, na fapiao idaiwe. Tafadhali mtoto asifanywe mkalimani wa mzazi wake katika mazungumzo haya.

Taji lenyewe halitoboki, bali jino lililo chini yake laweza kuoza kupitia ukingoni, pale linapokutana na fizi. Hapo pasuguliwe kwa mswaki asubuhi na usiku, na uzi wa meno upitishwe ubavuni. Likitoka, usiligandishe kwa gundi ya dukani. Lioshe, litie katika kikopo kisafi, uende nalo kwa daktari katika siku chache zijazo, maana jino lililochongwa likikaa wazi huuma, na meno ya jirani huanza kusogea.