Kipandikizi cha Jino: Muulize Daktari Kabla Hajashika Koleo

Wagonjwa wengi huja kuulizia kipandikizi jino likiwa limeshang'olewa, pengine mwaka mzima umepita na pengo limeanza kuwakera. Swali lao huwa moja: nisubiri muda gani? Jibu liko kwenye mfupa ulioachwa na jino kuliko kwenye kalenda, na mfupa huo huanza kubadilika mara tu jino linapotoka. Kwa hiyo swali hilo lina faida zaidi likiulizwa jino lingali mdomoni.

Kipandikizi ni skrubu ya titani inayokaa ndani ya taya badala ya mzizi, kisha juu yake hufungwa jino la bandia. Mfupa hushikamana na titani moja kwa moja, jambo ambalo Mswidi Per-Ingvar Brånemark aliligundua miaka ya 1950 alipokuwa akichunguza mifupa ya sungura. Mwaka 1965 alimwekea vipandikizi mgonjwa wake wa kwanza. Utaratibu wa enzi hizo ulidai subira: pengo lipone kwa miezi kadhaa, kipandikizi kiwekwe na kufunikwa na ufizi kwa miezi mingine 3 hadi 6, ndipo jino lifungwe.

Subira hiyo ina gharama yake. Katika meno ya mbele ya juu, ukuta wa mfupa ulio upande wa mdomo mara nyingi haufiki unene wa milimita 1. Sehemu kubwa ya ukuta huo huishi kwa kutegemea nyuzi zinazoushikilia mzizi. Jino likitoka, nyuzi hupotea na ukuta huliwa polepole. Tafiti zimeonyesha kwamba ndani ya mwaka mmoja upana wa taya mahali palipong'olewa jino unaweza kupungua kwa takriban nusu, na theluthi mbili za upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo.

Wataalamu wamegawa muda wa kupandikiza katika nyakati nne: siku ileile ya kung'oa, wiki ya 4 hadi ya 8, ufizi ukiwa umeziba, wiki ya 12 hadi ya 16, mfupa ukiwa umeanza kujaa shimoni, na baada ya miezi 6.

Siku ileile huvutia kwa sababu upasuaji ni mmoja na miezi ya kusubiri hupungua. Lakini si kweli kwamba kipandikizi kikiwahi huzuia mfupa kuliwa. Ukuta mwembamba huliwa hata titani ikiwepo, na ukiliwa, ufizi husogea na jino jipya huonekana refu kuliko wenzake. Ndiyo maana daktari makini, akishang'oa, huingiza kifaa chembamba shimoni na kupapasa kila ukuta kama ni mzima. Hutazama pia kama kuna usaha, na kama ng'ambo ya ncha ya mzizi kuna mfupa wa kutosha kuishika skrubu. Akiona nyufa au usaha, huahirisha.

Kwa jino la mbele lenye ukuta mwembamba, wiki ya 4 hadi ya 8 mara nyingi ndiyo salama zaidi: maambukizi yametulia na kuna nyama ya ufizi ya kufunikia kazi. Gego huacha shimo pana la mizizi miwili au mitatu, na mara nyingi skrubu hukosa pa kushika mpaka mfupa ujae kiasi. Miezi 6 na zaidi ni ya uvimbe uliokula sehemu kubwa ya taya. Kijana ambaye bado anakua asubiri ukuaji ukome, kwani kipandikizi hakisogei pamoja na taya.

Hata kikishawekwa, usikiharakishe. Katika wiki za mwanzo mfupa wa zamani huondolewa kabla mpya haujakomaa, hivyo mshiko hulegea kidogo wakati ambapo huenda maumivu yamekwisha na mgonjwa anatamani nyama choma. Sigara na kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha zaidi uponaji.

Basi kabla ya kung'oa, mwambie daktari kwamba ungependa kipandikizi, na umtajie dawa zote unazotumia, hasa za kuimarisha mifupa. Hata kama fedha hazijapatikana, sema. Akijua, atang'oa kwa uangalifu, pengine akitenganisha mizizi ya gego na kuitoa mmoja mmoja ili kuta zisivunjike, na anaweza kujaza shimo kwa chembechembe za mfupa ili upungufu usiwe mkubwa. Mfupa ukishapotea, kuurudisha ni upasuaji mwingine, na mara nyingi gharama yake huongezwa juu ya ile ya kipandikizi chenyewe.