USIMFUNGIE MLANGO: HAKI YA MNYAMA WA NYUMBANI WAKATI WA MAAFA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Ama baad.



Makala haya yametokana na swali. Katika masika ya mwaka 2024 Mto Rufiji ulifurika, maji yakaingia katika vijiji na mashamba ya wilaya za Rufiji na Kibiti. Mwanafunzi wetu mmoja alikuwa kwa bibi yake huko. Maji yalipoingia uani alfajiri walitoka kwa mtumbwi, wakubwa wakibeba watoto na nguo chache. Paka alibaki ndani, mlango umefungwa. Mbuzi aliyelelewa na mwanafunzi huyo kwa chupa alibaki amefungwa kamba kwenye mwembe. Waliporudi walimkuta paka kwa jirani, amekonda lakini hai, kwani alipata upenyo chini ya paa akatoka. Mbuzi walimkuta amekufa, kamba ikiwa bado shingoni.

Aliporejea madrasa, tulikuwa tunasoma hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Akanyoosha mkono akauliza, "Ustadh, na sisi je?"

Siku ile nilimjibu kwa maneno machache. Leo nataka kumjibu kwa kirefu, kwa faida yetu sote.

Hadithi mbili za kukumbuka

Imam Bukhari na Imam Muslim wamepokea habari ya mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa, naye akastahiki adhabu ya Moto kwa ajili yake. Tuitazame vizuri sababu aliyoitaja Mtume (s.a.w.). Mwanamke yule hakumlisha paka, wala hakumwachia atoke akajitafutie mwenyewe wadudu wa ardhini. Kwa hiyo kulikuwa na milango miwili ya kuokoka, naye aliifunga yote miwili.

Hadithi ya pili, iliyopokewa pia na maimamu hao wawili, ni ya mtu aliyekuwa safarini akashikwa na kiu. Aliteremka kisimani akanywa, na alipotoka akamwona mbwa anahema na kulamba udongo kwa kiu. Akateremka tena, akajaza maji kiatu chake, akakishika kwa meno, akapanda na kumnywesha. Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Masahaba walipouliza kama kuna malipo hata kwa wanyama, Mtume (s.a.w.) aliwafahamisha kuwa yapo kwa kila chenye uhai.

Tazameni basi: mmoja aliangamia kwa paka, na mwingine akasamehewa kwa mbwa.

Yaliyotokea New Orleans mwaka 2005

Mambo haya si ya zamani tu. Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga kilichoitwa Katrina kilipiga pwani ya kusini ya Marekani. Katika mji wa New Orleans, ambao sehemu yake kubwa iko chini ya usawa wa bahari, kuta za kuzuia maji zilibomoka na takriban asilimia 80 ya mji ikafunikwa na maji. Watu zaidi ya 1,300 walipoteza maisha katika maafa yale.

Siku moja kabla, meya wa mji alikuwa ameamuru watu wote waondoke. Wengi walidhani watarudi baada ya siku mbili au tatu. Basi waliwawekea paka na mbwa wao chakula na maji ya siku hizo, wakafunga milango na kuondoka. Wengine walitaka kuondoka na wanyama wao lakini walikataliwa, kwa sababu kambi nyingi za waathirika na mabasi ya kuwahamisha watu hayakuruhusu mnyama. Magazeti ya wakati ule yaliandika habari za mtoto mdogo aliyenyang'anywa mbwa wake mweupe, jina lake Snowball, alipokuwa akipanda basi. Mtoto yule alilia mpaka akatapika.

Siku mbili zikawa wiki nyingi. Maji yalikaa mjini zaidi ya mwezi, na wenye nyumba hawakuruhusiwa kurudi. Ndani ya nyumba zilizofungwa wanyama walipanda juu ya meza, makabati na vitanda vilivyoelea, na wengi walikufa kwa kuzama, kwa njaa au kwa kiu.

Ndipo watu wa kujitolea walipokuja kutoka sehemu mbalimbali za Marekani. Walipita mitaani kwa boti, wakisikiliza sauti. Walivunja milango na madirisha, na juu ya kuta waliandika kwa rangi tarehe waliyofika, idadi ya wanyama waliowakuta, na kama wamewaachia chakula na maji. Kituo kikubwa kilifunguliwa katika mji wa Gonzales, kwenye mabanda yaliyojengwa kwa ajili ya maonyesho ya farasi. Inakadiriwa kuwa wanyama wapatao 15,000 waliokolewa, lakini waliorudishwa kwa wenyewe walikuwa wachache. Wengi hawakuwa na alama yoyote ya kuwatambulisha, na wengine walipelekwa majimbo ya mbali wakapewa watu wapya. Kesi zikafika mahakamani, mwenye mnyama wa kwanza akimdai aliyepewa baadaye.

Ndugu wasomaji, msidhani kuwa huruma hii iliwahusu wanyama peke yao. Uchunguzi uliofanywa baadaye na taasisi ya Fritz ya huko Marekani ulionyesha kuwa kati ya watu waliokataa kuondoka, asilimia 44 walibaki kwa sababu mojawapo ya kutotaka kuwaacha wanyama wao. Kwa hiyo kumkatalia mtu mnyama wake kuliiweka hatarini roho ya mtu pia. Kwa sababu hiyo mwezi Oktoba 2006 Rais George W. Bush alitia saini sheria inayotaka mipango ya majimbo na miji ya kukabiliana na maafa iwahesabu watu pamoja na wanyama wao wa nyumbani.

Japani nako walipata somo kama hilo. Baada ya tetemeko la ardhi na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011, watu walihamishwa haraka kutoka maeneo yaliyozunguka mtambo wa nyuklia wa Fukushima. Ng'ombe wengi waliobaki wamefungwa mazizini walikufa kwa njaa, ilhali baadhi ya waliofunguliwa na wafugaji waliishi kwa kula majani. Mwaka 2013 serikali ya nchi hiyo ilitoa mwongozo unaowataka watu wanapokimbia maafa waondoke pamoja na wanyama wao.

Wanazuoni wetu walitangulia

Sheria ya Marekani ni ya mwaka 2006. Wanazuoni wa Kiislamu walikuwa wameyaandika mambo haya karne nyingi kabla. Imam Izzuddin bin Abdisalaam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, katika kitabu chake Qawaidul Ahkaam alizitaja haki za wanyama juu ya mwanadamu. Miongoni mwake ni kuwalisha hata wakizeeka au kuugua wakawa hawana manufaa tena, na kutowabebesha wasichokiweza. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, matumizi ya mnyama ni wajibu juu ya mwenyewe. Akikataa au akishindwa, hulazimishwa amuuze, au amwachie pale anapoweza kujilisha, au amchinje akiwa ni wa kuliwa.

Na yuko katika mlango wa tayammamu mfano ambao kila mwanafunzi wa fiqhi anapaswa kuujua. Mtu akiwa na maji ya kutawadhia tu, na pana mnyama mwenye heshima ya kisheria ambaye ana kiu, maji hupewa mnyama na mtu huyo husali kwa tayammamu. Ikiwa udhu wenyewe unampisha mnyama mwenye kiu, je, redio na godoro tunavyovipakia mtumbwini?

Je, mbwa naye?

Wapo wanaosema, "Paka sawa, lakini mbwa ni najisi." Ni kweli kuwa katika madhehebu yetu kilichoguswa na mate au unyevu wa mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na kwamba hatumfugi ndani bila ya haja kama ulinzi, mifugo au kuwinda. Lakini hukumu ya najisi haikuondoa huruma. Aliyesamehewa katika hadithi alimnywesha mbwa kwa kiatu chake mwenyewe. Najisi ina dawa yake, nayo ni maji na udongo. Kiumbe aliyezama hana dawa.

Tufanye nini?

Mvua kubwa zinarudi, nasi tunakaa karibu na mito, mabonde na bahari. Basi tujiandae mapema:

1. Roho ya mwanadamu kwanza. Mtoto asirudi kamwe ndani ya maji kumfuata mnyama, hata akimpenda vipi. Awaambie wakubwa au waokoaji mahali mnyama alipo.

2. Panga kabla ya mvua. Kuku wana tenga lao; paka naye atafutiwe kapu lenye mfuniko au kiroba chenye matundu ya hewa. Mbwa awe na kamba yake. Mbuzi wahamishiwe mapema sehemu ya mwinuko, kwa ndugu au jirani.

3. Mwekee alama. Kitambaa shingoni chenye namba ya simu kinatosha kumrudisha kwa mwenyewe.

4. Ukishindwa kumchukua, mfungue. Kata kamba, fungua zizi, fungua banda, acha dirisha wazi. Mwenyezi Mungu amewapa wanyama maarifa ya kutafuta mwinuko, usiwazuie kuyatumia.

5. Ukimwokoa mnyama wa mtu, ni amana. Mtangaze msikitini na sokoni, umtunze mpaka mwenyewe apatikane. Usimfanye wako kwa sababu maji ndiyo yaliyomleta.

6. Jihadhari. Mnyama mwenye hofu huuma hata anayemjua. Ukiumwa au ukikwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyohiyo kwa kuchelea kichaa cha mbwa.

Jibu la swali

Sasa narudi kwa mwanafunzi wangu. Mwanamke yule wa katika hadithi alikuwa na nafasi ya kulisha na nafasi ya kufungua, naye akaacha kwa kusudi, siku baada ya siku. Nyinyi mlitoka alfajiri, maji yakiwa magotini na watoto mikononi. Aliyesahau kwa hofu si sawa na aliyekusudia, na Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kiasi cha uwezo wake. Machozi yako juu ya mbuzi yule ni katika rehema aliyoitia moyoni mwako, basi usiyaonee haya.

Lakini tangu leo wewe na mimi tumeshajua, na aliyejua ana wajibu ambao asiyejua hana. Nabii Nuh (a.s.) alipojengeshwa jahazi aliamrishwa, kama ilivyo katika Surat Hud aya ya 40, apakie pamoja na waumini jozi za kila aina ya viumbe. Gharika ile kubwa haikuwa sababu ya kuwasahau. Masika ijayo, kabla ya kupanda mtumbwi, mmoja wenu apewe kazi ya kupita uani na kisu mkononi kukata kamba zote. Ni kazi ya dakika moja.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atukinge na maafa, awarehemu waliofariki katika mafuriko, na atujaalie tuwe wenye kuwahurumia walio ardhini ili tupate rehema zake. Aamin.

Wabillahi tawfiq.