Uswisi na Ufaransa: Absinti, kinywaji kilichobebeshwa lawama ya pombe zote

Mchanganyaji wa vinywaji anapotayarisha kokteli ya wiski na vemuti, pengine huanza kwa kutia matone machache ya absinti katika glasi tupu iliyopozwa. Huizungusha glasi hiyo hadi pande zake zote zilowe, kisha humwaga yaliyosalia. Kinachobaki ni harufu ya anisi peke yake. Hata hivyo, matone hayo yana historia nzito: mauaji ya familia moja mwaka 1905, kura ya maoni ya taifa zima, na marufuku iliyodumu karibu karne moja pande zote mbili za mpaka wa Uswisi na Ufaransa.

Ndani ya glasi mna nini?

Kokteli za aina hii ni ndugu wa Manhattan, mchanganyiko maarufu wa Marekani wa wiski na vemuti tamu. Wiski ya Scotland inapochukua nafasi ya ile ya Marekani, kinywaji huitwa Rob Roy. Vitabu vya baa vya Marekani vya miaka ya 1930 vinataja pia kokteli iitwayo Robert Burns, yenye wiski ya Scotland, vemuti tamu na tone la absinti.

Kipimo cha kawaida ni mililita 60 za wiski kwa mililita 30 za vemuti. Vitu hivyo hukorogwa kwa kijiko kirefu pamoja na barafu kwa muda wa nusu dakika hivi, kisha huchujwa. Havitikiswi, kwa sababu kutikisa huingiza mapovu ya hewa na kukifanya kinywaji kupoteza wangavu wake. Absinti nayo hutiwa kwa matone tu, kwa kuwa harufu ya anisi ina nguvu kiasi cha kuifunika wiski yote.

Harufu hiyo hutokana na anetholi, mafuta yaliyomo katika mbegu za anisi na za shamari. Mafuta hayo huyeyuka katika pombe kali, lakini hayayeyuki katika maji. Ndiyo maana absinti ikiongezwa maji hugeuka nyeupe kama maziwa.

Mmea mmoja, vinywaji viwili

Vemuti ni divai iliyoongezwa pombe na kukolezwa kwa mimea. Kwa kawaida huwa na kilevi cha asilimia 15 hadi 18, na kwa kuwa asili yake ni divai, chupa ikishafunguliwa hutunzwa kwenye jokofu, la sivyo ladha huharibika. Jina lake limetokana na neno la Kijerumani Wermut, yaani pakanga, mmea mchungu ambao wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaukumbuka kutoka Kitabu cha Ufunuo.

Pakanga hiyohiyo ndiyo inayoipa absinti jina na uchungu wake. Kwa hiyo glasi yenye vemuti na absinti ina mmea huo mara mbili. Ajabu ni kwamba kinywaji kimoja kati ya hivyo viwili kilipigwa marufuku, na kingine kikaendelea kuuzwa waziwazi.

Jinsi lawama ilivyoanza

Absinti ilistawi katika bonde la Val-de-Travers, magharibi mwa Uswisi. Mwaka 1805 Henri-Louis Pernod alifungua kiwanda mjini Pontarlier, upande wa Ufaransa, na biashara ikakua. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, mdudu aitwaye filoksera aliangamiza mashamba ya mizabibu ya Ufaransa. Divai ikaadimika na kupanda bei, na wanywaji wengi wakahamia absinti.

Mizabibu ilipofufuka, wakulima wake walitaka kurudishiwa soko lao. Wakajikuta upande mmoja na wanaharakati wa kupinga ulevi, ambao waliamini kuwa absinti huleta wazimu. Daktari Valentin Magnan wa Paris alikuwa amewapa wanyama mafuta ya pakanga yaliyokolezwa, nao wakapatwa na degedege. Lakini mafuta hayo matupu yalikuwa mbali sana na kiasi kilichomo katika glasi ya mnywaji.

Mwezi Agosti mwaka 1905, katika kijiji cha Commugny nchini Uswisi, kibarua aitwaye Jean Lanfray alimuua mkewe na binti zake wawili. Siku hiyo alikuwa amekunywa absinti glasi mbili, lakini pia alikuwa amekunywa divai nyingi na pombe kali nyingine. Umma ulizishika zile glasi mbili na kuyasahau mengine. Mwaka 1908 wapiga kura wa Uswisi waliunga mkono marufuku, nayo ikaanza kutekelezwa mwaka 1910. Marekani ilifuata mwaka 1912, na Ufaransa mwaka 1915.

Marufuku yaondolewa

Katika Val-de-Travers, watu waliendelea kuitengeneza absinti kwa siri, na waliokamatwa walifikishwa mahakamani. Uswisi iliihalalisha tarehe 1 Machi 2005. Jengo la mahakama ya zamani katika kijiji cha Môtiers, ambamo watengenezaji hao walihukumiwa, leo ni jumba la makumbusho ya absinti. Marekani ililegeza msimamo wake mwaka 2007, na Ufaransa ikaifuta sheria ya 1915 mwaka 2011.

Mwaka 2008 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo vya chupa 13 zilizobaki tangu kabla ya marufuku. Walitafuta tujoni, kemikali ya pakanga iliyosadikiwa kuleta wazimu. Wastani ulikuwa takriban miligramu 25 kwa lita, chini ya kikomo cha miligramu 35 kwa kilo kinachoruhusiwa leo katika Umoja wa Ulaya kwa vinywaji vya aina hiyo. Kilichowaathiri wanywaji wa zamani zaidi ya yote kilikuwa kilevi chenyewe, ambacho katika absinti kiliweza kufikia asilimia 70.

Funzo kwa leo

Marufuku iliiondoa absinti mezani, ila ulevi ulibaki, kwa sababu divai na pombe nyingine hazikuguswa. Hesabu ya kokteli tuliyoieleza inalionyesha jambo hilo. Mililita 60 za wiski yenye asilimia 40, pamoja na mililita 30 za vemuti yenye asilimia 16, zina takriban gramu 23 za kilevi halisi. Kiasi hicho kinakaribia kile cha chupa mbili ndogo za bia, ingawa glasi yenyewe inaweza kumalizwa kwa mafunda machache.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Kwa hiyo asiyekunywa hana sababu ya kuanza, na anayekunywa afahamu kuwa hatari haimo katika tone la anisi lililopakwa kwenye glasi. Imo katika kile kinachomiminwa juu yake, na katika idadi ya glasi zinazofuata.