Kuhesabu karata kwa saa nne za wiki

Karibu kila anayeanza kujifunza kuhesabu karata kwenye blakijeki huuliza kuhusu kamera: watanitambuaje, nami nitawakwepa vipi? Swali hilo lina maana. Lakini kwa mtu mwenye kazi yake, anayeingia kasino Jumamosi jioni na kurudi nyumbani, liko swali la takwimu linalopaswa kutangulia. Faida ya mhesabu karata ni ndogo na saa zake ni chache, hivyo kila hila anayoifanya ili asionekane huilipia kutoka kwenye faida hiyohiyo ndogo. Nataka hesabu hii ieleweke vizuri, kwa sababu filamu kama 21 ya mwaka 2008 zimewaonyesha watu utajiri wa Las Vegas, na vijana wengi huondoka sinema wakiamini kwamba kinachohitajika ni akili kali na ujasiri.

Tuanze na mchezo wenyewe. Mchezaji na mgawa karata kila mmoja anajaribu kuukaribia mkono wa 21 bila kuuvuka. Mgawa karata hana hiari: ana wajibu wa kuongeza karata mpaka afikishe 17. Mchezaji anaweza kusimama, kuongeza, kutenganisha karata mbili zinazofanana au kuzidisha dau mara mbili, ila yeye hutangulia kucheza. Akivuka 21, dau lake huchukuliwa papo hapo, hata kama baadaye mgawa karata naye atavuka. Faida ya kasino inatoka hapo. Mwaka 1956 watu wanne waliokuwa jeshini Aberdeen, Maryland, nao ni Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott, walichapisha katika jarida la kitaalamu la takwimu njia bora ya kucheza kila mkono, waliyoikokotoa kwa mashine za mezani. Anayeifuata njia hiyo bila kukosea, kwenye meza yenye masharti mazuri, huiachia kasino takriban nusu asilimia tu ya kila dau.

Edward Thorp, mwanahisabati aliyekuwa MIT, aliendeleza kazi hiyo kwa kompyuta ya IBM 704. Aliona jambo ambalo gurudumu la ruleti halina: kwenye blakijeki, karata iliyokwisha kutoka hairudi mpaka karata zichangwe upya. Mkono unaofuata basi hautegemei bahati tupu, unategemea pia karata gani zimebaki. Kitabu chake, Beat the Dealer, kilitoka mwaka 1962 na kikabadilisha biashara nzima ya kasino Nevada.

Kwa nini karata zilizobaki ziwe na uzito huo? Fikiria kasha la kugawia karata lililobakiwa na karata nyingi za 10, zenye picha na ree. Mkono wa ree na 10, yaani 21 kwa karata mbili, utatokea mara nyingi zaidi kwa pande zote mbili. Lakini mchezaji akiupata hulipwa mara moja na nusu ya dau lake, ilhali mgawa karata akiupata huchukua dau lilelile tu. Mgawa karata aliyeshika 12 hadi 16 analazimika kuongeza, na kasha la namna hii humvusha 21. Mchezaji aliyeshika 11 huzidisha dau akiwa na matumaini ya haki. Kasha likijaa karata ndogo, mambo haya yote hugeuka: mgawa karata hunusurika na mikono yake mibovu, na karata ya 5 ndiyo inayomwokoa kuliko zote.

Kufuatilia hayo hakuhitaji kumbukumbu ya ajabu. Mfumo uitwao Hi-Lo, uliowasilishwa na Harvey Dubner mwaka 1963, unaipa kila karata ya 2 hadi 6 alama +1, ya 7 hadi 9 sifuri, na ya 10, zenye picha na ree −1. Mtu anajumlisha kimoyomoyo kadiri karata zinavyofunuliwa, kisha anagawanya jumla hiyo kwa idadi ya pakiti anazokadiria kuwa zimebaki. Jumla ikiwa +6 na pakiti zilizobaki ni tatu, hesabu halisi ni +2. Kila nukta moja ya hesabu halisi humwongezea mchezaji karibu nusu asilimia. Kwa hiyo kwenye +1 anakuwa amelingana na kasino, na kwenye +2 ana faida ya takriban nusu asilimia. Sehemu kubwa ya mikono anayochezeshwa haina faida yoyote. Huweka dau dogo akisubiri, kisha huliongeza sana kwenye ile mikono michache hesabu inapopanda. Riziki yake yote iko kwenye tofauti ya madau hayo mawili, na tofauti hiyohiyo ndiyo inayomtangaza.

Sasa tuchukue mfano wa mchezaji mzuri mwenye dau la kuanzia la dola 10. Tuseme wastani wa mapato yake ni dola 15 kwa saa, na kupanda na kushuka kwake kwa kawaida, ambako wanatakwimu hukuita mkengeuko sanifu, ni dola 300 kwa saa. Tazama pengo hilo. Akicheza saa 4 kwa wiki kwa wiki 50, ana saa 200 kwa mwaka na matarajio ya dola 3,000. Mkengeuko haukui kwa mwendo wa saa, hukua kwa kipeuo cha pili cha saa hizo, kwa hiyo baada ya saa 200 umefika kama dola 4,240. Maana yake ni kwamba kati ya wachezaji wanne wa namna hii, wasiokosea hata mkono mmoja, takriban mmoja atafunga mwaka akiwa na hasara. Baada ya miaka miwili bado ni mmoja kati ya sita. Ili hatari hiyo ishuke kufikia karibu asilimia 2 zinatakiwa saa 1,600. Anayecheza kama kazi ya kudumu huzimaliza kwa mwaka mmoja, na wa Jumamosi huzimaliza kwa miaka minane.

Mtaji nao una hesabu yake. Kwa takwimu hizohizo, anayeanza na dola 3,000 bila kupunguza madau yake ana uwezekano wa zaidi ya theluthi moja wa kufilisika kabisa. Akianza na dola 9,000, uwezekano huo ni kama asilimia 5. Ndiyo maana fedha ya kodi ya nyumba au karo ya mtoto haifai kukaribia meza hii, hata kwa mtu aliyeumudu mfumo.

Sasa twende kwa kamera. Mwaka 1964 kasino za Las Vegas, zikiogopa wasomaji wa Thorp, zilibana masharti ya kuzidisha dau na kutenganisha karata. Wateja wa kawaida walikasirika na kupungua, na baada ya wiki chache masharti ya zamani yakarudishwa. Tangu hapo kasino nyingi zimeona ni nafuu kuuacha mchezo upendwe na kumchunguza mchezaji. Msimamizi wa meza huangalia dau linapanda lini. Akishuku, hupiga simu kwenye chumba cha kamera, na huko mtu huihesabu meza hiyohiyo na kulinganisha: je, madau yanapanda pamoja na hesabu? Hutazama pia bima, lile dau la pembeni linalotolewa mgawa karata anapoonyesha ree. Anayeikataa bima kila mara akiwa na dola 10 na kuinunua akiwa na dola 80 amekwisha kujieleza.

Wapo walioandika vitabu vizima vya kujificha. Ian Andersen, kwa jina la bandia, alitoa Turning the Tables on Las Vegas mwaka 1976. Mbinu zake zinajulikana: kujifanya mlevi, kutopandisha dau baada ya kushindwa, kuacha dau kubwa hata hesabu ikishuka, kukosea mkono makusudi wakati msimamizi anatazama. Kwa mwenye mtaji mkubwa na madau makubwa, baadhi yake zinalipa. Kwa mchezaji wetu wa dola 15 kwa saa naziona ni hasara. Tuseme maigizo hayo yanamla nusu ya mapato, abaki na dola 7.50, huku kupanda na kushuka kukiwa kulekule. Muda wa kufikia kiwango kilekile cha uhakika hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Saa 400 zinakuwa 1,600, na zile 1,600 zinakuwa 6,400. Kwa saa nne za wiki, hiyo ni zaidi ya miaka thelathini.

Kinga ya mchezaji wa muda ni muda wenyewe. Kumpima mtu kwenye chumba cha kamera kunahitaji makasha kadhaa ambamo hesabu imepanda na kushuka. Anayekaa dakika arobaini, akaondoka akiwa ameshinda au ameshindwa, kisha asirudi kwenye zamu ileile kwa wiki kadhaa, huwaachia ushahidi mchache. Kuondoka hesabu inapozama, kwa kisingizio cha simu au cha kwenda msalani, hakumgharimu chochote, tena kunamwepusha na mikono mibaya. Madau ya dola 10 hadi 80 hayamshtui mtu kwenye ukumbi ambao meza ya jirani ina mteja wa dola 500. Mtaalamu anayeishi kwa kazi hii hana anasa hiyo, maana lazima arudi kesho.

Sheria nayo ijulikane. Kuhesabu kwa akili yako si kosa Marekani. Kutumia kifaa cha kukusaidia kuhesabu ni jinai Nevada tangu mwaka 1985. Kasino za Nevada zinaweza kumzuia mhesabu karata kwa haki ya mwenye mali, kama mwigizaji Ben Affleck alivyozuiwa kucheza blakijeki kwenye kasino ya Hard Rock mwaka 2014. Anayerudi baada ya onyo rasmi anaweza kushtakiwa kwa kuingia bila ruhusa. New Jersey ni tofauti: mwaka 1982, katika kesi ya mhesabu karata Ken Uston, Mahakama ya Juu ya jimbo ilisema kasino haina mamlaka ya kumfukuza mtu kwa kuhesabu tu. Kasino za jimbo hilo, zilizoko Atlantic City, zilijibu kwa kuchanga mapema na kuwekea madau mipaka. Tena, fedha taslimu zinazozidi dola 10,000 kwa siku huripotiwa serikalini, na kuzikatakata kwa makusudi ili zisiripotiwe ni jinai ya shirikisho hata kama zimepatikana kihalali.

Hayo yote hayana kazi ikiwa meza yenyewe ni mbovu, na leo meza mbovu ni nyingi. Mashine inayochanga karata mfululizo huzirudisha mara tu zinapotumika, kwa hiyo hesabu haipati nafasi ya kujengeka. Karata ya plastiki inayoonyesha mahali pa kusimama ikiwekwa mapema, karata huchangwa upya kabla faida haijafika. Na meza nyingi sasa huulipa mkono wa ree na 10 kwa uwiano wa 6 kwa 5, dola 12 kwa dau la 10 badala ya 15. Dola hizo 3 huiongezea kasino karibu asilimia 1.4. Hapo hesabu halisi inabidi ikaribie +4 ndipo mchezaji alingane na kasino, na kwa kasha la pakiti sita, jioni nzima ya Jumamosi inaweza kupita na mikono ya namna hiyo michache sana.