Mtoto aliyeumizwa shuleni au kituoni: mpe udongo na penseli, kisha ifuate fimbo ilikotoka

Kuna maumivu ya tumbo ambayo dawa ya minyoo haiyagusi. Huanza Jumapili jioni na kupoa Ijumaa. Mzazi wa Bariadi, Maswa au Meatu anampeleka mtoto zahanati, vipimo vya malaria na mkojo vinatoka safi, lakini mtoto wa miaka tisa ameanza tena kukojoa kitandani. Ukimuuliza kuna nini shuleni, anaangalia chini. Hapo mimi hutoa karatasi na penseli kabla ya kuandika dawa nyingine.

Mtoto aliyepigwa kupita kiasi, kudhalilishwa au kuguswa vibaya na mwalimu au mlezi wa kituo ana sababu ya kunyamaza: aliyemuumiza ndiye mtu mzima tuliyemwambia amtii. Tena kumbukumbu ya hofu hukaa vipande vipande, sauti ya mlango hapa, harufu pale. Akichora, akifinyanga au akiimba, anavipanga vipande hivyo kwa mwendo wake mwenyewe.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia watoto 38 wa kituo kimoja cha yatima hapa Tanzania. Ukatili walioupata ndani ya kituo ulihusiana na matatizo yao ya akili kuliko hata ule wa nyumbani walikotoka. Watoto wenye dalili za kiwewe walipewa tiba ya simulizi. Katika tiba hiyo, mtoto hutandaza kamba sakafuni, ndiyo njia ya maisha yake. Penye furaha anaweka ua, penye machungu anaweka jiwe, kisha anasimulia taratibu akiwa na mtaalamu. Wakati huohuo walezi walifundishwa kulea bila kupiga. Baadaye kipigo kilipungua sana na hali za watoto zikawa bora. Angalia, mambo yalikuwa mawili. Kumtibu mtoto kwa michoro na kumrudisha kwenye fimbo ileile ni kufunga kidonda chenye mwiba ndani.

Usukumani zana hatukosi. Watoto wetu hufinyanga ng'ombe wa udongo tangu wadogo, na ngoma wanaijua. Mpe nafasi, kaa karibu, sema tu, "Niambie kuhusu hiki." Usimhoji kama askari, wala usitafute damu katika kila rangi nyekundu, mchoro ni mlango wa mazungumzo, si kipimo cha maabara. Uandike tarehe, uuhifadhi. Na tafadhali, usiutume kwenye kundi la wazazi la WhatsApp.

Sanaa pia hudai haki, ila hapa nina neno. Kila Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, tunaona ngonjera na maigizo mbele ya mgeni rasmi. Ni vizuri watoto waigize kisa cha kutungwa kuhusu viboko. Kumsimamisha mtoto asimulie yaliyompata yeye ili watu wazima walie na kupiga makofi ni kumuumiza upya. Ngonjera hiyo iwaambie wazazi kanuni za mwaka 2002 zinasemaje: viboko visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Mzazi ana haki ya kuuliza kitabu hicho kiko wapi.

Mtoto akiwa amebakwa au kulawitiwa, sanaa isubiri. Afike hospitali haraka, ndani ya saa 72, apate dawa za kuzuia VVU. Asiogeshwe kwanza, nguo zisifuliwe. Taarifa ipelekwe Dawati la Jinsia na Watoto polisi au kwa afisa ustawi wa jamii. Mtoto mwenye jeraha bichi atibiwe hata kama fomu ya polisi haijafika. Usiku, au kama unaogopa kuonekana kituoni, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure.