Miaka 59 na miaka 60: mufanyakazi wa South Bend

Marekani tunaisoma kwa njia ya marais, vita na matajiri. Mutu wa kawaida, ule wa kuamuka saa kumi na moja, kubeba chakula yake mu kisanduku na kurudia magaribi na mikono ya mafuta, hatumuoni. Leo nataka kuwaelezea huyo njo, juu ile neno "pansioni" tunayosoma mu kontra zetu, yeye aliilipia bei kali.

Namuweka South Bend, muji wa jimbo la Indiana, kilometa karibu 150 kutoka Chicago. Sitamupa jina, juu walikuwa elfu na elfu. Ni mutoto wa Wapolandi, ao Wahungari, ao ni Mweusi aliyepanda kutoka kusini kutafuta maisha. Mu muji wa jirani, Mishawaka, walijaa hata Wabelgiji, Waflamani masikini wa kufanya kazi mu kiwanda cha mpira. Walijijengea na kanisa la Mutakatifu Bavo kama kule Ghent. Napenda kukumbusha hiyo: wakati sisi tulimujua Mubelgiji akiwa bwana mukubwa mwenye kofia, kule ndugu yake alikuwa anapiga saa za kiwanda sawa kila mutu.

Kazi kubwa ya South Bend ilikuwa Studebaker. Ndugu wawili, Henry na Clement, walianza mwaka wa 1852 na karakana ya kufua chuma na dola 68. Walitengeneza magari ya kuvutwa na farasi, kiisha motokari. Mutu wetu anaingia pale akiwa kijana, juu baba yake alikuwa ndani. Kule ilikuwa sifa baba na mwana kufanya kazi mu kiwanda kimoja. Mwaka wa 1933 kampuni ilianguka mikononi mwa korti na rais wake, Albert Erskine, akajiua. Ikainuka tena. Wakati wa vita ikatoa malori ya jeshi, mengi yakaenda mpaka Urusi. Kiisha vita ikaandika watu zaidi ya 20,000. Mishahara ilipita ya Detroit. Mutu wetu akanunua nyumba ya mbao yenye kibaraza, akasomesha watoto, akalipa deni la banki kila mwezi. Hakuna kitu cha ajabu mu ile maisha, na yeye hakutaka cha ajabu.

Sasa tufike kwa pansioni, na hapa naomba musome polepole.

Mwaka wa 1950 sindika ya wafanyakazi wa motokari, UAW, ilikubaliana na kampuni: ukizeeka, utalipwa kila mwezi mpaka kufa. Na miaka uliyofanya mbele ya 1950 nayo inahesabiwa. Vizuri sana. Lakini kwa ile miaka ya zamani hakuna mutu aliyekuwa ameweka feza hata moja. Kwa hiyo walipatana kampuni ijaze lile tundu polepole, mu miaka 30. Maana yake: mpaka karibu 1980, ile sanduku haikuweza kujaa. Tena kila wakati sindika ilipopata pansioni iongezwe, deni nayo iliongezeka. Mu karatasi ilikuwa ahadi. Mu sanduku ilikuwa nusu ya ahadi. Kampuni ingeendelea kuuza motokari, hakuna mutu angejua.

Haikuendelea. Tarehe 9 Desemba 1963, hata wiki tatu hazijapita tangu Kennedy auawe, Studebaker ikatangaza inafunga South Bend. Motokari ya mwisho ikatoka mbele ya Noeli. Kazi iliyobaki ikahamia Hamilton, Kanada, nayo ikakufa 1966.

Sanduku ikafunguliwa. Wenye pansioni tayari, na wale waliofikisha miaka 60 na kazi ya miaka 10, karibu 3,600, wakalipwa yote. Kisha wale wa miaka 40 mpaka 59 wenye kazi ya miaka 10, karibu 4,000: wakapewa kama 15% ya kile walistahili, feza ya mara moja, basi. Wengine, vijana na wenye kazi ya muda mufupi, sifuri.

Nimesoma hii hesabu mara nyingi na bado inanikalia mu roho. Watu wawili wanasimama kwenye mashini moja miaka 40. Moja amefikisha 60. Mwenzake ana 59. Ule wa kwanza anakula mpaka kufa. Ule wa pili anapewa bahasha. Hakuna mwizi hapa, munisikie vizuri: sheria ya wakati ule ilifuatwa. Njo maana inatisha.

Sisi wa Katanga hatuna haja ya kuelezewa bahasha. Mu 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni ya serikali ya migodi waliondoka "kwa hiari" na feza ya mara moja. Nafunga hiyo mabano.

Na kufa kwake? Mutu wa namna hiyo hafi siku kiwanda kinafungwa. Anatafuta kazi ingine, ya kulinda mulango ao kufagia, kwa mushahara mudogo. Wachumi wawili, Daniel Sullivan na Till von Wachter, walitoa mwaka wa 2009 uchunguzi juu ya wanaume wa Pennsylvania wenye kazi ya muda murefu waliofukuzwa kwa wingi mu miaka ya 1980. Mu mwaka wa kwanza, hatari ya kufa ilipanda kwa 50% mpaka 100%. Hata kiisha miaka 20, bado ilikuwa juu kwa 10% mpaka 15%. Aliyepoteza kazi akiwa na miaka 40 alipoteza mwaka moja ao moja na nusu ya maisha yake. Kwenye cheti ya kifo daktari anaandika moyo. Hakuna pahali pa kuandika kiwanda.

Sindika ilibeba ile habari ya Studebaker mpaka Washington na kuipigia kelele miaka kumi. Tarehe 2 Septemba 1974, siku ya wafanyakazi kule kwao, rais Gerald Ford, mutu wa Michigan, akatia sinyatire kwenye sheria inayoitwa ERISA. Toka pale kampuni inalazimishwa kuweka feza kwa mupango, haki ya mufanyakazi haipotei kiisha miaka fulani, na kuna ofisi ya serikali, PBGC, inayolipa kama sanduku imeanguka, mpaka kipimo fulani. Ile asiransi inalipwa na kampuni zenyewe.

Sheria haikurudia nyuma. Ule wa miaka 59 alikuwa karibu 70 ile siku, kama alikuwa angali, na hakuna kitu kilichoongezwa kwenye bahasha yake.