Maisha ya Uzunguni na Suala la Ardhi ya Mji

Katika madarasa yetu ya siasa kuna swali ambalo wanafunzi hulirudia kila mwaka, na kwa kawaida hulileta kwa mzaha: je, kada akipangiwa nyumba Oysterbay, aikatae? Darasa zima hucheka, kwa sababu kila mmoja anajua jibu lake la moyoni. Sisi tunaona swali hili lisipitwe kwa kicheko. Ndani yake limo suala zima la ardhi ya mji, na limo pia suala la familia.

Kwanza tukubali ukweli. Maisha ya huko ni mazuri. Nyumba zile za zamani zilijengwa zikielekea bahari ili zipate upepo, zikawekwa mbali mbali, na kati yake ikapandwa mikungu, miembe na mikrismasi. Mtoto anaweza kujifunza baiskeli ndani ya uzio wa kwao. Usiku mtu hulala bila kusikia redio ya jirani. Mchana jua huchujwa na majani, na mzazi aliyetoka kazini na kichwa kizito hupata mahali pa kukaa kimya. Mkufunzi anayewaambia vijana kwamba hayo yote ni kasumba tu anajidanganya, na vijana hawamwamini. Kivuli na usingizi ni mahitaji ya binadamu. Kinachotakiwa kuchambuliwa ni namna yalivyopatikana na nani aliyeyalipia.

Dar es Salaam haikujigawa yenyewe katika Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mjerumani alianza mwaka 1891 kwa amri ya ujenzi iliyogawa mji kufuata aina ya majengo. Mwingereza akaukamilisha mgawanyo huo katika miaka ya 1920 kwa kanda tatu. Kanda ya Kwanza ilikuwa ya nyumba za kukaa za aina ya Kizungu, ya Pili ya biashara na makazi ya mchanganyiko, ya Tatu ya vibanda vya Waafrika. Kati ya Kariakoo na sehemu nyingine za mji likaachwa eneo wazi la Mnazi Mmoja, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya, yaani kumkinga Mzungu na maradhi yaliyodhaniwa kutoka kwa Mwafrika. Tazameni ujanja wa sheria hiyo. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na kubagua watu waziwazi kwa rangi kungemletea mtawala maswali. Kwa hiyo sheria haikutaja rangi ya mtu, ilitaja aina ya nyumba. Asiye na uwezo wa kujenga nyumba ya aina ile alikuwa amekwisha kubaguliwa bila jina lake kuandikwa.

Baada ya vita vya pili vya dunia lugha ikabadilika tena. Mpango wa mji wa mwaka 1949 ulisema msongamano mdogo, wa kati na mkubwa, na maneno hayo tuliyarithi baada ya Uhuru pamoja na mafaili. Maofisa wetu wakubwa wakahamia katika nyumba zilizoachwa na maofisa wa kikoloni. Mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa moja kwa moja ulifutwa, ardhi ikawa ya kupangishwa na Serikali. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi yakatwaliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Hatua hizo zilikuwa kubwa, wala hatuzidharau. Lakini ukubwa wa kiwanja haukuguswa, na kiwanja ndicho kinachoamua nani atakaa wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyumba nyingi za Serikali zikauzwa kwa watumishi, zikiwamo za Oysterbay. Leo uzio wa michongoma umeondoka mahali pengi, ukuta umechukua nafasi yake, na juu ya ukuta upo waya wa umeme.

Safari moja tuliwatuma wanafunzi wetu Oysterbay saa nne asubuhi, siku ya kazi, waandike kila mtu waliyemwona barabarani. Walirudi wameshangaa. Katika mtaa unaosifiwa kuwa ni wa familia, hawakuona familia hata moja. Waliona walinzi getini, watunza bustani wakimwagilia, vijana wakiosha magari, na mayaya wakisukuma watoto wa watu. Baba na mama wa nyumba walikuwa kazini mjini. Baadhi ya watumishi wale hulala katika vyumba vya uani ambavyo mkoloni aliviita vya boi, na neno hilo liliendelea kutumiwa miaka mingi na sisi wenyewe, kumwita hivyo mtu mzima mwenye mke na watoto.

Mwanafunzi mmoja alizungumza na yaya aliyekuwa kivulini na mtoto wa tajiri wake. Yaya yule ana mtoto wake wa miaka minne, yuko kijijini kwa bibi, na humwona mara moja kwa mwaka likizo ikipatikana. Tuseme basi wazi: utulivu wa familia moja umejengwa kwa kuitawanya familia nyingine. Hatusemi kwamba mama mwenye nyumba ni mtu mbaya. Pengine ni mwema, na hulipa ada ya mtoto yule. Uchambuzi wa kitabaka hauulizi tabia ya mtu. Unauliza kazi ya nani ndiyo inayoweka majani kijani wakati wa kiangazi, na maji ya bustani yametoka bomba gani.

Hata mkazi mwenyewe ana kitu anachokosa. Viwanja vikiwa vikubwa, duka linakuwa mbali, na asiye na gari ni mfungwa wa nyumba nzuri. Chumvi ikiisha usiku hakuna wa kugongewa mlango. Tunamfahamu ndugu mmoja, mtumishi mstaafu, aliyefiwa na mkewe katika mtaa wa namna hiyo. Waliokuja kukaa matangani walitoka Temeke na Magomeni, na jirani wa ukuta kwa ukuta alijua habari siku ya tatu, alipouliza magari yale ni ya nini. Hatutaki kuipamba Uswahilini kwa sababu hiyo. Anayeusifu ujirani wa Manzese na asitaje mafuriko na choo kinachojaa masika amesema nusu ya ukweli.

Wapo ndugu wanaojibu kwamba dawa ni kila mwananchi kujitahidi hadi apate kiwanja kama kile. Tuwajibu kwa hesabu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Tuseme kila kaya ina watu watano na ipewe ekari moja, yaani mita za mraba zipatazo 4,047. Zitahitajika kilomita za mraba karibu 4,360, bila barabara, shule wala soko. Mkoa mzima una kilomita za mraba 1,393. Tena bomba: kiwanja cha mraba cha ekari moja kina upande wa mita zaidi ya 60 barabarani, na kile cha mita za mraba 400 kina mita 20. Kila nyumba ya kwanza inadai bomba, lami na nguzo za umeme mara tatu ya ile ya pili, na gharama hiyo haibebwi na mwenye nyumba peke yake.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba wazo la mji wa bustani halikuanza hivi. Mwingereza Ebenezer Howard alipoandika kitabu chake mwaka 1898, na mji wa kwanza wa Letchworth ulipoanza mwaka 1903, shabaha ilikuwa ardhi yote ishikwe kwa pamoja, na kodi yake irudi kuwahudumia wakazi. Miti ilikuwa sehemu ya pili ya mpango. Wajenzi wa viunga vya matajiri duniani kote, pamoja na makoloni, waliichukua miti na kuiacha ardhi ya pamoja. Sisi ambao ardhi yetu kisheria ni ya umma tulikuwa na nafasi nzuri kuliko Letchworth ya kuifanya kazi hiyo. Hatukuifanya, na hili tulilichukulie kama kujikosoa.

Kwa hiyo tunapinga pia kosa la upande mwingine, la kudhani usawa ni kukata mikungu ya Oysterbay. Yapo mambo ya kiunga kile yanayoweza kugawiwa wote bila ekari moja moja: kivuli kando ya njia, kiwanja cha mpira, mtaa ambao gari haliwezi kwenda kasi, mahali ambapo mzee anakaa jioni. Coco Beach ni ushahidi. Ni sehemu ya Oysterbay isiyo na ukuta, na Jumapili watu huja kwa daladala kutoka kila pembe ya jiji, wanakula mihogo ya kukaanga na watoto wao wanaoga baharini. Wakazi wengine hulalamikia kelele. Sisi tunaona ndiyo saa pekee katika juma ambapo mtaa ule una familia za kutosha.

Mwaka huu tumebadilisha zoezi. Wanafunzi hawaendi tena Oysterbay kuhesabu watu. Wanakwenda katika mitaa yao wenyewe, wanaomba ramani ya mipango miji, wanatafuta maeneo yaliyochorwa kuwa ya wazi, na wanaandika kilichosimama juu yake: gereji, baa, nyumba ya mtu, na nani alitoa kibali. Kikundi cha kwanza kimekwisha kwenda ofisini mara nne. Kimeambiwa aliye na ramani yuko safarini, na kitarudi Jumatatu.